Udongo Rasmi

Kabla kengele haijalia, saa moja kasorobo,
natoa bendera mbili katika kopo kubwa
lililowahi kuwa la biskuti.
Ya taifa kwanza. Kisha yetu, ya buluu,
iliyopauka ikafanana na ovaroli yangu.
Miaka kumi na tisa ni mfagizi wa shule hii;
upepo wa Kansas umenilia bendera saba.

Ndani, Bi Orpha Schrag ameandika ubaoni:
Ua, alizeti. Mdudu, nyuki.
Mti, mpopla. Mnyama, nyati.
Mtihani Jumatano.
Darasa la nne wanaikariri orodha kama bei za dukani,
nami nasukuma fagio mlangoni, najijibu kimya.

Alizeti? Baba alitulipa senti kumi kwa ndoo
tuzing'oe mtamani, mizizi na yote.
Gugu, alisema, halina haya:
likate leo, kesho litakucheka.
Ndilo lililopanda cheo.
Mpopla? Njoo uone bomba la choo cha wavulana,
mizizi yake ilivyolipasua,
rasmi kabisa, bila hodi.
Nyati nimemwona mmoja tu, nyuma ya waya,
kando ya kituo cha petroli,
akitafuna kama mtu anayesoma barua asiyoitaka.

Lakini yuko mtoto, Itzel Barragán.
Mama yake hukata nyama kiwandani, zamu ya usiku,
naye huachwa shuleni mapema, hunishikia kamba.
Siku moja upepo ulilala, jambo la nadra.
Bendera ikaning'inia. Akaishika pindo, akaitandaza,
akausoma muhuri kwa kidole:
jua linachomoza, mto, meli ya moshi,
mtu analima kwa farasi,
magari ya maksai yanakwenda magharibi,
na kule nyuma, wadogo kama sisimizi,
nyati wanakimbia, wapanda farasi wawili nyuma yao.
"Wanakwenda wapi?"
Wanawinda, nikasema.
"Hapana. Wote. Wakishatoka kwenye duara."

Nimezibua vyoo, nimefukuza popo darini,
nina funguo arobaini na moja kiunoni.
Hakuna uliofungua hapo.
Nikampa nilichonacho: kwamba jina la jimbo
ni jina la watu, Wakansa,
na watu wale walihamishwa kusini, Oklahoma.
Jina likabakizwa.
Akafikiri. Akauliza kama jina huumia
likiachwa peke yake.

Juu ya picha zimo nyota thelathini na nne
na Kilatini ambacho Bi Orpha hukifasiri:
Kwa shida, hadi nyotani.
Shida tunazo. Mwezi wa tano shule inafungwa;
watoto hawatimii sitini.
Basi litawapeleka maili ishirini na sita.
Barua ilikuja na muhuri uleule, mdogo kama kifungo,
na mkulima yuleyule, hajainua kichwa.

Itzel alipata kumi na tisa kwa ishirini.
Kwenye mnyama aliandika: nyati, lakini ameondoka.
Bi Orpha akatia mkasi mwekundu,
kisha, kwa penseli, pembeni, pole sana:
ndiyo.

Hata udongo tunao rasmi. Wengi hawajui.
Una jina lake, una sheria yake kule Topeka.
Watoto hucheka: udongo!
Hauna wimbo, haupandishwi mlingotini.
Jioni, bendera zikishakunjwa, nafagia darasa la nne,
na huo hapo, umeingia na soli za viatu vyao,
kahawia iliyokolea, laini kama kakao.
Hujaza beleshi dogo.
Zamani niliutupa pipani.
Tangu ile barua naubeba hadi nje,
naumwaga chini ya mlingoti, naukanyaga kidogo.
Kesho upepo utauchukua. Najua.
Keshokutwa watauleta tena.